Kiti Mlangoni

Nilichaguliwa kuwa mwenyekiti nikiwa sipo. Nilikuwa Mtambile, nimekalia gunia la sukari katika duka lenye jenereta, nasubiri simu yangu ijae chaji. Wakati huo huo kijijini kwetu, upande wa kuteremkia Chokocho, wanaume kumi na mmoja walikuwa wameketi barazani wakininyooshea mikono. Niliporudi alasiri nilimkuta Bibi uani, anachambua mchicha.

"Karibu, Bi Mwenyekiti," alisema bila kuinua uso.

Bibi huyu ni mama wa baba yangu, ndiye aliyenilea. Kwa desturi yetu mjukuu wa kike ni mke mwenza wa bibi yake, basi sisi tulishinda tukigombea mume ambaye mimi sikuwahi kumuona, maana babu alifariki kabla sijazaliwa. Nikadhani huu ni utani mwingine wa aina hiyo.

"Mwenyekiti wa nini?"

"Wa kamati ya mabadiliko ya tabianchi. Wanasema bahari imeingia kiburi, wamekuchagua weye ukaiseme."

"Na mimi nimekubali?"

"Umekubali. Nimekuitikia mie."

Habari kamili niliipata kwa binti wa shangazi yangu, ambaye ni rika langu, ana mdomo mrefu kuliko wangu, na alikuwa ameshaolewa na kuachika mara moja wakati mimi bado nachapisha utafiti wangu wa mwisho chuoni Unguja. Alisema mradi umekuja na fomu, na fomu inataka nusu ya kamati iwe wanawake na mwenyekiti awe kijana wa kike. Wanaume waliisoma fomu ile mara tatu wakitafuta upenyo. Walipoukosa wakaanza kuwapitia wasichana wa kijiji mmoja mmoja, na hapo ndipo vyama vilipoingia.

Miaka ile kijiji chetu kilikuwa na vyama viwili na kila kitu kiwili. Baraza la juu na baraza la chini, duka la juu na duka la chini, hata kahawa ilinywewa mahali pawili na kila upande ukidai ya wenzao imechanganywa na choroko. Msichana wa baraza la juu asingekubaliwa na la chini, wala wa chini asingekubaliwa na la juu. Mimi nilikuwa nimeondoka miaka minne. Chama changu hakikujulikana, na ukweli ni kwamba hata mimi sikukijua, kwa sababu kote kuwili nilikuwa nimeuliza maswali mpaka nikaambiwa niende nyumbani nikapumzike.

"Hiyo sababu moja," alisema binti wa shangazi. "Ya pili, wanasema una digrii. Mwezi ujao utapata kazi Unguja, uondoke. Kiti akalie Makamu."

Makamu alikuwa mzee ambaye babu yake, inasemekana, alimiliki mikarafuu kilima hadi kilima. Katika urithi ule yeye alibakiwa na miti michache, kanzu isiyoingia doa, na sauti. Sauti yake ya kusomea dua sijaisikia nyingine mfano wake. Mtu mwenye deni la kilio angemaliza kulipa pale pale. Sote tulimwita Shehe, na sote, nami nikiwemo, tulimpenda, jambo ambalo lilinipa taabu sana baadaye.

Sasa niseme kamati ile ilikuwa ya nini, maana kwa Bibi haikuwa mchezo. Chini ya kijiji kuna bonde la mpunga, na bonde lile ni la wanawake. Wanaume wana mikarafuu na bahari, sisi tuna mpunga. Zamani mdomoni mwa bonde kulikuwa na tuta la udongo na mawe, na mbele ya tuta msitu wa mikoko. Mikoko ikakatwa, mingine ikawa boriti, mingine ikachomea chokaa. Mawimbi yalipoona njia wazi yakaja, na tuta likatoboka pengo pana kama geti la skuli. Toka hapo kila bamvua, bahari inapojaa kupita kiasi, maji ya chumvi yakawa yanaingia bondeni yanavyotaka.

Bibi alikuwa na konde lake pale tangu alipoolewa. Miaka miwili mfululizo mpunga wake ulikuwa umetoka, ukageuka manjano, ukalala. Kila bamvua ikipita alikwenda kwenye mfereji, akachovya kidole, akalamba, akatema.

"Bado," alikuwa akisema.

Mimi nilimweleza kwa utulivu wa mtu aliyesoma kwamba kina cha bahari duniani kinapanda.

"Bahari imepanda," alikubali. "Na sie tumeikatia ngazi."

Mradi ulitoa vifaa vya jambo moja tu, wenyeji walichague wenyewe. Wanaume walitaka boti yenye mashine, ya kufanyia doria ya kulinda mikoko. Binti wa shangazi alipoisikia hiyo alicheka mpaka akakaa chini. "Mikoko ipi? Ile waliyokwisha kuikata? Doria watapiga, tena na nyavu watachukua, isije doria ikakosa kitoweo." Wanawake walitaka tuta lizibwe na mikoko ipandwe kabla ya masika. Bibi hakuwa na msimu wa tatu wa kupoteza. Alikuwa ameshaanza kunambia, kwa sauti ya mtu anayezungumzia hali ya hewa, kwamba konde lile akiliacha mwaka huu hatolirudia tena, mgongo hautomruhusu kuanza upya. Mimi niliisikia sauti ile vizuri.

Kikao cha kwanza kilifanyika nyumbani kwetu, kwa sababu nyumba yetu haikuwa ya chama. Bibi alikuwa na watoto wawili wa kiume, mmoja baraza la juu na mmoja baraza la chini, na wote wawili walikula kwake. Wanaume wakakaa nje barazani. Wanawake wakakaa ndani ukumbini, nyuma ya pazia, kama desturi. Likaja suala la mwenyekiti akae wapi, na suala hilo lilikula nusu ya kikao.

"Mwenyekiti akae mbele," alisema Sheha, mtu wa serikali pale kijijini, ambaye alitaka mambo yaende aondoke.

"Mbele ya wazee?" aliuliza Makamu kwa upole. "Mtoto wa watu tumtie haya?"

"Sina haya, Shehe," nikasema kutoka ndani.

"Ndiyo hayo ninayoyasema," akajibu.

Katibu alikuwa mwalimu wa skuli mwenye mwandiko wa kupendeza, na aliheshimu maandishi kuliko watu. Alifungua fomu, akaisoma, akaifunga. "Fomu inasema mwenyekiti aongoze kikao. Haisemi akiwa upande gani wa pazia." Basi wakaleta kiti cha plastiki wakakitia mlangoni, kizingiti kikapita katikati ya miguu yake minne. Nusu yangu ilikuwa uongozini na nusu ilikuwa ukumbini. Upepo ulipovuma pazia lilinifunika uso, na kila liliponifunika Makamu aliendelea na kikao kana kwamba nimetoka.

Sikio langu la kulia lilisikiliza boti. La kushoto lilisikiliza wanawake ishirini wakinong'ona kwa pamoja. Mara moja, walipochoka kunong'ona, sauti ikatoka ndani, kavu: "Boti itazuia chumvi?"

Nikamwambia katibu, "Liandike hilo."

"Siwezi," alisema. "Muhtasari unataka jina la msemaji. Hii sauti siijui ya nani."

"Ya mkeo!" ikajibu ile sauti. "Leo hunijui? Usiku utanijua!"

Walicheka baraza la juu na la chini kwa pamoja, jambo lililokuwa halijatokea tangu uchaguzi. Lakini halikuandikwa. Jambo letu lilikuwa limewekwa chini kabisa ya ajenda, kwenye mengineyo. Tulipoyakaribia, Makamu alikohoa, akaikunjua mikono yake, akasema, "Basi ndugu zangu, tumshukuru Mola." Sauti ile ikaanza. Mikono yote ikainuka, nje na ndani, na yangu pia. Ilipokwisha, kila mtu akajipangusa uso na kutafuta viatu. Kwetu jambo likishasomewa dua limekwisha. Hakuna anayerudi kukaa.

Kikao cha pili nikajiandaa kisomi. Nikaligeuza daftari, tuta nikaliweka ajenda namba moja. Makamu hakupinga. Aliomba tu dakika mbili za kumkaribisha kila mtu. Akaanza na Sheha, akamwendea babu yake Sheha, akapanda kwenye ukoo wake, akashuka na mikarafuu, akapita kwenye mwaka wa tufani, na alipofika kwenye bei ya karafuu ya zamani nikasikia mwadhini wa Alasiri anajisafisha koo.

"Wakati umetukimbia," alisema Makamu kwa huzuni ya kweli kabisa. Akakunjua mikono.

Hapo nilifanya kosa. Nikasema, "Shehe, dua si ajenda."

Mikono ilikuwa imeshapanda. Ikabaki pale pale, na nyuso zote zikanigeukia, na mikono pekee iliyokuwa chini kijijini ni yangu miwili. Nyuma ya pazia nikasikia mtu anasema "Astaghfirullah" kwa pumzi. Nikaongeza, kwa kuwa mtu akishateleza huteleza vizuri, "Kanuni za uendeshaji wa vikao zinasema..." Sikumaliza. Makamu alinitazama kwa huruma, akasoma dua ndefu kuliko zote, na katikati yake akaniombea mimi uongofu. Wote wakaitikia amin. Bibi naye aliitikia, na nadhani yake ilikuwa kubwa kuliko zote.

Siku mbili baadaye nilikwenda Mtambile kuchaji simu. Mwenye duka hakunijua ni wa wapi hasa.

"Ati kweli huko kwenu kuna msichana kapiga marufuku dua?"

"Nami nimesikia," nilisema.

"Wanasema mrefu, ana jino la dhahabu, karudi nalo Ulaya."

"Hilo la jino sijalisikia."

"Wewe kaa naye mbali," alinishauri, akanirudishia simu kabla haijajaa.

Kwa mzaha ule ningeweza kuishi. Lakini kina mama wawili wakawazuia mabinti zao wasije tena kwenye kikao cha mtu asiyependa dua. Wengine wakaanza kuwa na udhuru: mmoja ana mgeni, mwingine ana jino. Binti wa shangazi akanambia wazi, "Kikao kijacho afisa wa mradi anakuja mwenyewe kuchukua fomu. Tukiwa ndani watu watano, boti imeshafika. Na weye ndiye uliyewafukuza, si Shehe."

Usiku ule sikula. Bibi alikuja akakaa kando yangu, akaanza kunyoosha miguu yake mmoja mmoja kama mtu anayekunjua miavuli.

"Mke mwenzangu, nikuulize. Dua husomwa lini?"

"Mwisho wa kikao."

"Nani kasema?"

"Ndivyo inavyokuwa, Bibi."

"Sikukuuliza inavyokuwaje. Nimekuuliza nani kasema."

Mimi niliyewahi kumuuliza mhadhiri wangu mbele ya darasa zima kama kitabu chake amekisoma mwenyewe, hili sikuwahi kulifikiria.

"Hakuna aliyesema," nilikiri.

"Na msomaji lazima awe nani?"

"Shehe. Ana sauti."

"Ana sauti, ndiyo." Akanyanyuka kwa kuushika ukuta. "Haya, lala. Kesho ukawaombe radhi wanawake wenzako, nyumba kwa nyumba. Sema kosa lako ni kushusha mikono. Usiwaeleze kanuni."

Nilikwenda nyumba kwa nyumba. Nililishwa ndizi katika kila nyumba, na katika kila nyumba nilisikiliza wasia. Siku ya kikao ukumbi ulijaa hadi jikoni.

Afisa wa mradi alikuwa kijana wa bara, mpole, mwenye kamera shingoni na bango la kitambaa alilolitundika barazani kwa kamba: WASICHANA VIONGOZI, KISIWA SALAMA. Alisikitika kuona kiti changu kipo mlangoni. Akaniuliza kwa sauti ya chini kama hiyo ni alama ya mapambano ya kijinsia. Nikamwambia ni alama ya kizingiti. Akaandika hata hilo.

Bibi akatoa chai na mkate wa ufuta. Vikombe vilipita barazani, na nikaona jambo la ajabu: wanaume wa kijiji walinusa, wakatazamana, wakavishusha vikombe taratibu. Afisa peke yake alikunywa. Akameza kwa adabu ya mtu aliyelelewa vizuri.

"Samahani," alisema, "hii chai... imetiwa chumvi?"

"Haikutiwa, mwanangu," ilijibu sauti ya Bibi nyuma ya pazia. "Ni maji ya kisima cha bondeni. Imeingia yenyewe."

Kila mtu alijua kwamba maji ya kunywa tunachota kisima cha juu, na kwamba Bibi aliteremka bondeni makusudi, na mgongo wake ule, kuyachota yale. Hakuna aliyethubutu kumwambia mgeni. Makamu akaona hatari. Akaiita ajenda ya boti, akaisifu boti, akasema inasadikika wote tumekubaliana boti, na sasa kwa kuwa mgeni wetu ana safari, basi ndugu zangu...

Akakohoa. Nikajua kikohozi kile. Nikashika kiti kwa mikono miwili.

Lakini kabla hajaikunjua mikono yake, Bibi alikuwa ameshasimama nyuma yangu. Alilishika pazia, akalisogeza kando kwa mara ya kwanza katika vikao vyote vitatu, akatoa kichwa chake juu ya kichwa changu, na kwa sauti ambayo sikujua kama anayo akasema:

"Mola atujaalie tuta lizibwe, mikoko ipandwe, bonde lirudi, na boti ije siku nyingine kwa heri. Al-Fatiha!"

"Al-Fatiha!" wakaitikia wanawake thelathini ndani ya ukumbi.

Mtu yeyote aliyekulia kwetu anajua kwamba neno lile halingoji akili. Mikono ya baraza la juu ikapanda. Ya baraza la chini ikapanda. Ya Sheha, ya katibu, kalamu ikiwa bado kidoleni. Ya Makamu ilikuwa ya kwanza, maana ilikuwa imeshaanza safari, na nilimuona akiitazama mikono yake mwenyewe kama watoto waliomtoroka. Midomo ikasoma. Sikuthubutu kuishusha yangu. Niliposema amin nilikuwa namaanisha kila herufi.

Nyuso zikapanguswa. Watu wakaanza kutafuta viatu.

"Ngojeni!" alisema Makamu. "Ngojeni, yakhe. Hatujakubaliana!"

"Na ile mikono ilikuwa ikiombea nini, Shehe?" aliuliza Bibi kwa adabu kubwa.

Makamu alikuwa mtu wa dini kweli, si wa kujionyesha, na nilimuona akilipima lile jambo pande zote na kila upande ukimrudisha pale pale. Kwa miaka mingi yeye ndiye aliyetufundisha kwamba lililosomewa limekwisha.

"Lililosomewa limesomewa," alisema hatimaye, na akavaa viatu vyake, cha kulia mguu wa kushoto.

Katibu akaniuliza kwa kunong'ona aandike msemaji nani. "Andika jina la mama yake Sheha ukipenda," alidakia binti wa shangazi, "lakini andika!" Akaandika.

Afisa wa mradi alikuwa amepiga picha wakati ule ule. Katika kioo cha kamera yake walionekana watu wote, wazee kwa vijana, mikono juu, na pazia limefunguka.

"Hongereni sana," aliniambia, macho yakimng'aa. "Kauli moja! Sijawahi kuona kijiji kikipiga kura kwa kauli moja. Wamekubali wote, siyo?"

Mpaka leo hushindana na nafsi yangu juu ya hapa. Mimi ni mtu wa kudai ukweli, nimewahi kukosana na marafiki kwa ajili ya koma. Nilijua ile haikuwa kura. Nilijua pia kwamba yale ya vikao viwili vya mwanzo hayakuwa kura vilevile, na hakuna aliyekuja na kamera. Nikamtazama Bibi. Alikuwa anakusanya vikombe vilivyojaa chai.

"Wote," nilisema.

Vifaa vikaja. Kazi ya tuta ilikwenda kwa kikoa, namna ile ile tunavyopandia mpunga: leo watu wa nyumba hizi, kesho wa nyumba zile, na wa nyumba za leo ndio wanaopikia wa kesho. Binti wa shangazi akawa msimamizi bila kuchaguliwa na mtu yeyote. Mtu wa baraza la juu alimpangia jiwe moja na mtu wa baraza la chini, na wote wawili wakiogopa ulimi wake waliona afadhali wasemezane. Siku ya tatu Makamu alikuja na kanzu yake nyeupe, kutazama tu, alisema. "Shehe, shika upande huo," akaambiwa, na kabla hajajua alikuwa amebeba karai la udongo. Kanzu ile ilipata doa. Sijui kwa nini jambo hilo lilinitia huzuni kidogo.

Mimi mwenyewe nilipewa heshima ya kupanda mkoko wa kwanza mbele ya kamera, chini ya lile bango lililohamishiwa tutani. Mche wa mkoko ni kitu kirefu, cha kijani, mfano wa bamia iliyokonda, na nilihutubia kwa ufasaha juu ya vijana na uongozi huku nikiuchomeka topeni kichwa chini. Wanawake wote waliona. Wakaniacha nimalize hotuba. Nasikia picha ile ilitumika.

Barua ya kazi kutoka Unguja ilifika wiki ile ile. Niliitia chini ya godoro mpaka bamvua ipite.

Bamvua ilikuja saa kumi alasiri, na kijiji kizima kilikuwa juu ya tuta kama watu wanaosubiri bi harusi. Maji yakapanda, yakapita alama ya mwaka jana, yakafika tumboni mwa tuta, yakasimama. Tukaanza kupumua. Ndipo pembeni kabisa, kwenye shimo la kaa ambalo hakuna aliyeliona, maji yakachungulia. Kwanza uzi, halafu kamba, halafu mkono wa mtu mzima.

"Kitambaa!" alipiga kelele binti wa shangazi. "Leteni kitambaa!"

Wanawake wakashika kanga zao, wakasita. Mimi nikageuka, nikaona kitu kinapepea juu ya miti miwili ya boriti. Nikakikimbilia, nikakikata kamba kwa meno. WASICHANA VIONGOZI, KISIWA SALAMA liliviringwa na udongo kama sambusa, likashindiliwa shimoni, na Makamu, ambaye alikuwa karibu kuliko wote na mzito kuliko wote, akaombwa akalie. Akakalia. Maji yakakatika. Alikaa pale hadi bahari ilipoanza kurudi, akisoma nyiradi kwa sauti yake ile, na hakuna mtu aliyemkatiza.

Afisa alipokuja tena aliuliza bango liko wapi.

"Liko kazini," nilimjibu.

Chumvi haiondoki kwa kufungiwa mlango. Bibi aliteremka mferejini siku ya pili, akalamba kidole, akatema. "Bado." Akateremka tena wiki iliyofuata. "Bado." Kisha masika yakaanguka, mvua ya siku tano bila kupumzika, mifereji ikafurika kwa upande wa bara na kumwagika baharini badala ya bahari kumwagika kwetu. Siku ya sita asubuhi, barua ikiwa bado chini ya godoro, alinigusa bega. Tukateremka, yeye mbele, mimi nyuma na kikapu cha mbegu ambacho hakuniambia nikichukue lakini alikiweka mlangoni, mahali pa kile kiti.

Aliinama, akachovya, akalamba. Sikusikia akitema. Alisimama tu, anatazama konde lake.

"Vipi?" nikauliza.

"Onja mwenyewe. Si weye huamini cha kuambiwa?"

Nikachovya kidole. Tope. Nikaonja mara ya pili, kwa uhakika, na ya tatu. Tope tupu, tamu.

"Basi," alisema Bibi, akijifunga kanga ya pili kiunoni, "ukishiba shika mbegu."